Kiapo cha Kumbi

Mji ule haukuwa na jina, maana waliokaa humo hawakuwahi kutoka, na mtu asiyetoka hana haja ya kupaita kwao kwa jina. Ulikuwa na pwani moja, mnara mmoja wa kuhesabia mawimbi, na imani moja ambayo kila mtu aliinyonya pamoja na maziwa ya mama: kwamba wimbi ni msafiri. Linaondoka Ng'ambo limebeba maji ya Ng'ambo, linakuja mpaka hapa, linaosha miguu ya watu wa hapa. Maji yanayokugusa leo yalimgusa mtu mwingine huko yalikotoka. Ndiyo maana watu wa mji ule walibisha hodi kabla ya kutia mguu baharini, na mjane hakukanyaga maji mpaka eda yake iishe. Nasi tusiwacheke upesi. Kila mji una jambo unaloliamini kwa sababu tu haujawahi kukaa ukalitazama.

Katika mji huo Hatibu alikuwa Mhesabu. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na mnara wa mbao wenye vipandio thelathini na kimoja, kiti kisicho na mgongo, na mlingoti wa vipimo uliosimikwa majini, ambao kwa huo alijua kimo cha kila wimbi. Saa hawakuwa nazo. Muda wa mji ulikuwa mawimbi: chai ilichemshwa kwa mawimbi arobaini, hotuba ya harusi isizidi mia mbili, na mtoto alikaa tumboni kwa idadi ambayo Mhesabu peke yake aliweza kuitamka kwa pumzi moja. Bahari ilipochafuka, mawimbi yakaja mafupi ya harakaharaka, watu walizeeka mbio. Ilipotulia yakaja marefu ya taratibu, na kuna wazee waliodai meno yao yamekaza tena. Hatibu mwenyewe umri ulimponyoka mara kwa mara. Asubuhi nyingine alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne. Nyingine aliamka akiwa na umri wa baba yake, ikambidi anywe chai kwanza ndipo arudi kuwa yeye.

Na alikuwa na wivu. Wivu hasa, si ule wa utani wa mashemeji. Yeye aliuita uangalifu, lakini sisi hatumwogopi, tuuite kwa jina lake. Mkewe Tamima aliwahi kuolewa kabla yake na mtu aliyeitwa Ngwali, mrefu, mcheshi, mwenye sauti nene, aliyevuka kwenda Ng'ambo akasema atarudi baada ya mawimbi elfu kumi. Elfu kumi yakapita, yakapita na mengine yasiyo na idadi, mpaka mji ukamhesabu Ngwali kuwa amekwenda moja kwa moja na ndoa ikavunjwa kwa sheria. Ndipo Hatibu akaoa. Miaka sita sasa. Kwa muda wote huo Ngwali hakuleta barua, hakuleta salamu, hakuleta hata uvumi, na mtu wa namna hiyo humshindi. Angekuwepo angezeeka, angekoroma, angegombana na majirani kwa sababu ya kuku. Kwa kuwa hayupo, amebaki mrefu na mcheshi vilevile.

Kila asubuhi baada ya chai Tamima alishuka pwani, akaingia majini mpaka kiunoni, akasimama ameielekea Ng'ambo. Hakusema neno. Hakuimba, hakulia. Alikaa mawimbi mia mbili, kisha akatoka, akakamua khanga yake, akarudi nyumbani kubandika maharage. Hayo tu. Lakini Mhesabu yuko juu ya mnara, na kazi yake ni kuhesabu kila wimbi linalofika. Kwa hiyo kila siku iendayo kwa Mungu mume yule alilazimika kuyahesabu, moja baada ya moja, maji ya Ng'ambo yanayompita mkewe kiunoni. Maji yaliyotoka miguuni kwa Ngwali. Mia mbili kwa siku. Ya miaka sita yafanyie hesabu wewe mwenyewe.

Tena kulikuwa na jambo lililomuuma kupita yote, na jambo hilo alifundishwa na baba yake kama kanuni ya kawaida ya kazi. Mawimbi yale hayakutoka upande mmoja. Kule mbali yalikuja kwa mshazari, mengine kutoka kusini, mengine yakikatiza kutoka mashariki. Lakini yakikaribia nchi kavu, ule upande wa wimbi unaotangulia kufika penye kina kifupi hupunguza mwendo, na upande ulio bado kwenye maji marefu huendelea kwa kasi yake, ukizunguka, ukizunguka, mpaka safu nzima inaitazama pwani uso kwa uso. Baba alisema ni ajabu ya Mungu. Hatibu aliona ufedhuli mtupu. Yanageuka. Yanatoka huko yakiwa na safari zao, yakimwona Tamima yanageuka. Hata lililotoka kusini. Hata lile dogo la jana, lililokuwa halina nguvu ya kufika, lilijikokota likageuka. Na yeye amesimama tu. Mwanamke anayegeukiwa na bahari nzima, mimi nitamgeuza kwa kitu gani?

Mara moja, mwaka wa pili wa ndoa, alimwuliza anakwenda kule kumngoja nani. Tamima akamjibu kwamba hamngoji mtu, anapumzika tu. Hatibu akacheka kidogo, akasema sawa, na hakuamini hata herufi moja. Tangu hapo hakuuliza tena, alihesabu. Na aliye na wivu akianza kuhesabu, kila namba ni shahidi.

Mwaka wa sita akapanda kwa Bi Reihani, mtunza kumbi.

Huyu Bi Reihani alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeshika ofisi ya viapo kwenye chumba kimoja karibu na soko la samaki. Ofisini mlikuwa na meza, chupa ya chai, na juu ya kabati kumbi moja kuukuu la nazi, limekauka, limekuwa jepesi, lenye rangi ya majivu. Kumbi hilo ndilo lililoamua ndoa za mji. Mume aliyemshuku mkewe kuwa anaitwa na Ng'ambo alikwenda kuliomba. Alilifunga kipande cha khanga ya mkewe, akalitia baharini mwenyewe mahali alipopachagua, na mke akasimama pwani maji yakimfika vifundoni, tangu jua linapochomoza mpaka linapofika utosini. Kumbi likimfikia, basi Ng'ambo imemwita: anafunguliwa ndoa, anachukua nguo zake, anatoka mjini kwa njia ya bara bila kurudi. Lisipomfikia, ameshinda, na mume haruhusiwi kulitaja neno hilo tena maisha yake yote. Mke hakuwa na njia ya kudai kufunguliwa yeye mwenyewe. Sheria haikufikiria kwamba angetaka.

Desturi ilikuwa na sharti moja. Kumbi likishatiwa majini, mji mzima huligeuzia mgongo, ili mtu asije akaliita kwa macho. Watu hukaa mchangani wakitazama nyumba zao na kuvuma wimbo usio na maneno mpaka adhuhuri. Mke peke yake huelekea bahari. Yeye, na Mhesabu juu ya mnara, kwa sababu muda lazima uhesabiwe.

Bi Reihani alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amezungumza na mkewe. Hatibu akasema mambo mengine hayazungumzwi. Mama yule akamtazama juu ya miwani yake.

"Mwanangu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukishalitia hili majini, umeshalisema mbele za watu. Halirudi tena kinywani."

"Ndilo nitakalo, bibi. Nijue."

"Kujua unakutaka, au kushinda?"

Bi Reihani hakungoja jibu. Alimshushia kumbi kabatini, akampa siku saba za kulizoesha maji, kama ilivyo ada. Zamani waume walikuwa wakilitupa kumbi kwenye ndoo ya maji ya bahari uani, wakahesabu hiyo kuwa ndiyo kulizoesha. Hatibu, kwa uangalifu wake, akaona ni heri alizoeshe baharini kwenyewe.

Basi siku ya kwanza alichukua mtumbwi mdogo wa mnara, akapiga makasia kupita mahali mawimbi yanapovunjika, akalitia kumbi kwenye maji marefu ya pima sita, akarudi upesi kupanda juu akaone. Alitazamia wimbi la kwanza kabisa lilibebe lilete. Wimbi likaja, refu, limejaa, lina haraka yake. Likaliinua kumbi. Kumbi likapanda, likainamia mbele, likapita juu ya kilele, likateremka upande wa nyuma, likarudi kinyumenyume kidogo, na likawa palepale lilipokuwa. Wimbi likaenda zake pwani, likavunjika, likafa. Kumbi limebaki. La pili vilevile. La mia vilevile. Hatibu akasimama kwenye kiti. Kumbi lilikuwa linachora duara, duara moja kwa kila wimbi, mbele na chini na nyuma na juu, na kama kumbi linafanya hivyo, basi na maji yaliyolishika yanafanya hivyo. Maji hayasafiri. Kinachosafiri ni umbo tu.

Siku ya pili na ya tatu hakula vizuri. Alifunga vitambaa vyeupe kwenye kamba, kila pima moja kitambaa, akaizamisha kwa jiwe, akachungulia ubavuni mwa mtumbwi. Kitambaa cha juu kilizunguka duara kubwa, cha pili dogo, cha tatu dogo zaidi. Akaenda kwenye maji marefu zaidi akaongeza kamba, akagundua kwamba ukipima toka kilele cha wimbi mpaka kilele kinachofuata, kisha ukashuka chini nusu ya urefu huo, kitambaa kimetulia tuli. Juu kunapita dhoruba ya nchi nzima na kule chini hakuna habari. Alikaa akiutazama utulivu ule kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alihisi usingizi wa kweli.

Akarudi nchi kavu, akaenda mbio nyumbani. Mchana ulikuwa wa jua kali, na Tamima alikuwa ukumbini anachambua mchele. Hatibu akamweleza yote kwa pumzi moja, mtumbwi, kumbi, vitambaa, mikono yake ikichora duara hewani. Aliongea kama mtu aliyeponywa. Tamima aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hayaji. Yananipandisha, yananishusha, yananiacha pale pale. Nilijua wiki ya kwanza, Hatibu. Mtu akisimama ndani yake anajua."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unahesabu."

Hatibu akarudi mnarani taratibu, na hapo ndipo tunapoona kwamba wivu hauhitaji sababu, unahitaji chakula tu, na ukikosa wali utakula ukoko. Maana kabla hajafika kipandio cha kumi alikuwa amepata chakula kipya. Amejua jambo hili miaka sita. Amelala nalo karibu yangu. Mimi ndiye Mhesabu na yeye ndiye ajuaye. Aliionea wivu ile wiki ya kwanza, ambayo maji yalimwambia mkewe siri na yeye alikuwa juu anahesabu.

Alipoketi, jipya zaidi likamjia. Kama maji hayaji, ni nini kinachokuja? Kitu kinakuja, kwani mlingoti unatikisika, mchanga unahama, mnara wenyewe unatetemeka miguu. Kinachokuja ni msukumo. Upepo huko mbali ulivuma juu ya maji, ukavuma kwa nguvu, ukavuma kwa muda, ukapata nafasi pana ya kuvumia, na kwa mambo hayo matatu ukayakabidhi maji nguvu zake. Na nguvu hizo zimepita kutoka tone hadi tone, kila tone likipokea na kumpa jirani yake na kubaki lilipo, mpaka hapa, mpaka kiunoni kwa Tamima. Afadhali maji. Maji yana uzito, yana chumvi, unaweza kuyafuta kwa taulo. Sasa ilikuwa imebainika kwamba Ngwali hana haja ya kuleta mkono wake. Anasukuma tu kule, na mwanamke anapanda na kushuka huku.

Hivyo ndivyo alivyowaza. Akajijibu kwamba Ngwali si upepo. Akajijibu tena kwamba hakuna ajuaye.

Siku ya nne alitafuta faraja kwenye elimu ya baba yake. Mawimbi hayasafiri moja moja, husafiri kwa makundi, na kundi linakwenda nusu ya mwendo wa mawimbi yaliyomo ndani yake. Ukilitazama la mbele utaona linapungua, linapungua, linakufa mbele ya kundi, na nyuma ya kundi limezaliwa jingine ambalo halikuwepo. Kwa hiyo lililoondoka Ng'ambo silo linalofika. Limekufa njiani mara nyingi, na kila mara jingine limeshika nafasi yake. Basi hata kama Ngwali alituma kitu, kilichofika si cha Ngwali. Na Ngwali mwenyewe je? Aliyevuka bahari ndiye aliyefika? Na aliyemwoa Tamima miaka sita iliyopita ndiye huyu aliyekaa juu ya kiti kisicho na mgongo? Au yule alikwisha kufa mbele, na huyu amezaliwa nyuma, amevaa shati la marehemu, anaona wivu usiokuwa wake? Akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya baba yake, na alama ya kidonda cha kasia ilikuwepo kwenye kidole cha baba yake.

Na siku ya tano akaona lile ambalo lingemmaliza. Duara la kumbi halikufungika. Alilinganisha kumbi na mlingoti mawimbi mia, akakuta limesogea. Kidogo. Kila wimbi lilipopita, kumbi lilirudi nyuma pungufu kidogo ya lilivyokwenda mbele, pungufu kama unene wa kidole. Mtu mwingine asingejali. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na Hatibu aliingia ndani ya unene ule wa kidole akakaa humo siku nzima. Wimbi moja, kidole kimoja. Mia mbili kwa siku. Miaka sita. Tamima alikuwa akirudi nyumbani kila asubuhi, akabandika maharage, ni yule yule. Lakini hakurudi kamili. Kidole kilibaki. Je, ni kidole cha ngapi sasa? Yuko umbali gani na mimi, mwanamke huyu aliyelala hapa?

Siku ya sita alifanya jaribio la mwisho. Alilitia kumbi karibu na nchi, mahali mawimbi yanapovunjika. Wimbi likifika penye kina kifupi huhisi chini. Miguu yake inashikwa na mchanga, inachelewa, na kichwa hakina habari kinaendelea. Linafupika, linasimama, linakuwa mlima. Na kina cha maji kikishapungua mpaka kikabaki kimo cha wimbi na theluthi yake hivi, haliwezi tena kujishika, linaanguka mbele ya uso wake. Hapo tu, katika safari yake yote, maji yanakwenda kweli. Kumbi lilirushwa likafika mchangani kwa mawimbi manne.

Hatibu aliliokota, na alipoinama kuliokota akawa baba yake. Wala hakushtuka, umri ulikuwa unamponyoka kila siku. Lakini safari hii alijikuta ana jambo la baba yake mkononi. Mama yake Hatibu alitoka mjini kwa njia ya bara siku ambayo kumbi lilimfikia. Mji mzima ulijua: Ng'ambo ilimwita. Hatibu alikua akimchukia mtu fulani wa Ng'ambo asiye na sura. Na sasa alisimama na kumbi linalodondosha maji, katika mwili wa mtu mwenye kidonda cha kasia, akajua kwa uhakika kabisa kwamba hakuna mtu wa Ng'ambo. Mhesabu alijua penye kina kifupi ni wapi. Mhesabu alichagua. Kumbi halikuwahi kumfikia mke yeyote wa mji ule isipokuwa mumewe alilitia karibu, kwa ujinga au kwa kusudi, na baba yake hakuwa mjinga.

Sasa kesho ilikuwa mkononi mwake. Akilitia penye kina kifupi, Tamima anatoka. Akilitia kwenye maji marefu, Tamima anabaki, na wivu wake unafungwa mdomo kwa sheria. Alikaa na mambo hayo mawili mpaka jua likazama, na sitaki tumpambe. Hakuchagua maji marefu kwa huruma. Alichagua maji marefu kwa sababu aliuona mgongo wa Tamima ukienda kwa njia ya bara, akafikiri njia zote mwisho zinafika Ng'ambo, na hakuweza. Heri abaki bila kunipenda. Heri abaki akisimama kiunoni kila siku. Mimi nitakuwa juu.

Siku ya kiapo mji ulishuka pwani wote. Bi Reihani alikalia kigoda chake na chupa yake ya chai. Hatibu akapiga makasia mpaka pima sita, akalitia kumbi lenye kipande cha khanga ya njano, akarudi. Hapakuwa na upepo. Mawimbi yalikuwa ya mbali, marefu, yenye kituo kirefu kati ya moja na jingine. Watu wakageuza migongo, wakaanza kuvuma. Tamima akasimama maji yakimfika vifundoni.

Hatibu akapanda kwenye kiti chake. Wimbi la kwanza, kumbi likazunguka. La kumi. La mia nne. Jua lilipanda. Kila kitu kilikwenda kama alivyokipanga, na alipaswa kufurahi. Badala yake akafanya kosa la kuutazama uso wa mkewe.

Tamima alikuwa analitazama kumbi. Alilitazama kwa namna ambayo Hatibu aliiomba miaka sita na hakuwahi kupewa hata mara moja, si harusini, si alipougua homa, si popote: kwa macho yote mawili na shingo na kifua. Alitaka lije. Hatibu aliliona hilo wazi. Mkewe hakuwa anangoja kuhukumiwa. Alikuwa anangoja mlango ufunguliwe. Na alijua, tangu wiki ya kwanza alijua, kwamba pale lilipo halitakuja. Aligeuza kichwa akautazama mnara. Hakumkunjia uso. Alimtazama tu Mhesabu wake, akijua kina alichokichagua.

Kisha akaifunga khanga vizuri kifuani na kuingia majini.

Vifundo, magoti, kiuno. Pale aliposimama kila siku hakusimama. Wimbi lililovunjika likamjia, akazama chini yake likapita juu, akaibuka upande wa pili anaogelea. Migongo ya mji ilikuwa inavuma. Hatibu alikuwa na sauti, alikuwa na kengele, alikuwa na sheria. Neno moja tu na kiapo kingebatilika, watu wangegeuka wamwone. Mdomo wake ulifunguka, na kwa mazoea ya maisha yake yote kilichotoka kilikuwa namba. Moja, mkono wa kulia. Mbili, wa kushoto. Hamsini. Alikuwa amechoka, mabega yalionekana. Mawimbi yalimpandisha, yakamshusha, hakuna hata moja lililomsaidia wala kumzuia. Tisini. Mia. Kwa mkono wa mia moja na arobaini alilishika kumbi, akalikumbatia, akapumzika nalo akichora maduara, wimbi baada ya wimbi, kwa muda mrefu.

Hatibu alilionea wivu kumbi. Si Ngwali, Ngwali alikuwa amemtoka kichwani kabisa, hakukumbuka hata kimo chake. Aliona wivu juu ya ganda kavu la nazi, kwa sababu katika miaka sita Tamima hakuwahi kumfuata yeye hatua tatu.

Tamima alirudi polepole, na penye kina kifupi bahari ikamrusha mchangani pamoja na alichokishika. Akasimama mahali pake, maji vifundoni, nywele zinatiririka. Jua lilikuwa limefika utosini. Bi Reihani akapiga makofi mara mbili, mji ukageuka, ukaliona kumbi mikononi mwa Tamima. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa heshima. Wote waliona kwamba amelowa mpaka kichwani, wakasema taratibu wao kwa wao kwamba wimbi lilikuwa kubwa.

Tamima hakumwomba Hatibu kitu. Maji yalimdondoka puani na alikuwa bado anahema.

Bi Reihani akainua uso juu ya mnara, akarekebisha miwani yake, akauliza kama sheria inavyomtaka aulize:

"Mhesabu, wewe ndiye shahidi. Kumbi limemfikia kwa mawimbi mangapi?"

Hatibu alishika ukingo wa mnara. Watu wote walimwelekea, na Tamima pia.

"Mia moja na arobaini," akasema.